Daftari la mafuta

Mikindani, Jumapili, 9 Februari 2025

Leo asubuhi nimefungua ukurasa wa nne wa daftari la gari. Ni daftari la hesabu la viboksi, alilobakiza binti yangu Zuhura mwaka jana likiwa na kurasa nyingi tupu. Nimelichora safu nne: tarehe, kilomita, lita, shilingi. Kila nikitoka kituo cha mafuta naandika hapo hapo kabla sijawasha injini, maana nikisema nitaandika nikifika nyumbani, nikifika nakuta mtoto ana njaa na umeme umekatika, na risiti inapotelea kwenye mkoba.

Walimu wenzangu wawili wananiuliza gari gani halili mafuta. Nimewajibu kwa maneno machache pale ofisini, lakini jibu lenyewe ni refu, na nadhani mimi mwenyewe sijawahi kulipanga vizuri kichwani. Naliandika hapa.

Mimi nakaa Mikindani, shule ninayofundisha iko Shangani, Mtwara mjini. Kwa barabara ile inayoizunguka ghuba ni kilomita 12, kwenda na kurudi 24. Miaka sita nimepanda daladala, nikishuka mjini naunganisha bajaji. Sikuwa na kinyongo na daladala. Kilichonisukuma ni mvua za masika, madaftari ya wanafunzi sabini mkononi, na Zuhura aliyeanza chekechea upande usio wa njia yangu.

Basi tulipoanza kutafuta gari, mimi na Baba Zuhura tulikuwa na neno moja tu: dogo. Gari la kwenda kazini. Injini ya lita moja, pistoni tatu, Toyota Passo au Vitz, likitumia mafuta kidogo tumemaliza. Kila tuliyemuuliza alikubali. Vijana wa kijiwe cha bajaji walikubali, dalali alikubali zaidi ya wote.

Aliyetusimamisha ni fundi mmoja wa Magomeni ya hapa Mtwara, mzee mtulivu ambaye amemtengenezea Baba Zuhura pikipiki miaka mingi. Hakutuambia nunua hili au lile. Aliniuliza, "Mwalimu, mwaka mzima gari lako litakwenda wapi na wapi?" Nikamwambia kazini. "Na wapi?" Newala kwa mama. "Na wapi?" Dar, kwa wakwe. Akasema, "Nenda kapige hesabu hiyo kwanza, halafu rudi."

Nikaipiga usiku ule ule. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Mara kilomita 24, inakuja 4,656. Newala ni kilomita 140 hivi kwenda tu, na mama yangu ana kliniki ya presha hapa Mtwara kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo safari sita za kwenda na kurudi, 1,680. Dar ni kama kilomita 560, mara mbili kwa mwaka, likizo ya Juni na ya Desemba: 2,240. Ukijumlisha Newala na Dar unapata 3,920. Sokoni na harusini sijaweka.

Niliitazama hiyo namba kwa muda mrefu. Safari nilizokuwa naziita za mara moja moja zilikuwa karibu nusu ya kilomita zote za mwaka. Nilikuwa natafuta gari la nusu ya maisha yangu.

Mwezi Agosti mwaka jana mwenzangu mmoja, Mungu ambariki, aliniazima Passo yake nikamchukue mama. Mpaka Mnivata ni lami, kilomita 50, gari lilikwenda kwa raha na nikaanza kumwona fundi ana maneno mengi. Baada ya Mnivata makandarasi walikuwa kazini, barabara inajengwa kuelekea Tandahimba na Newala, na sisi tukawa tunapitishwa pembeni kwenye michepuko ya udongo mwekundu na mchanga. Tulikuwa watu wazima wanne, na kurudi tulimpakia mama na viroba vyake. Gari lilikwama mara moja na kugonga tumbo mara tatu. Mara ya tatu niliposikia chuma kikikwaruza chini nilishuka nikalala kwenye vumbi kuangalia kama sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, halijapasuka. Halikupasuka. Lakini mama yangu alikuwa nyuma, magoti yamegusa kiti cha mbele, miguu imevimba, na hakusema neno lolote njia nzima. Mama akinyamaza hivyo ujue anaumia. Sikuweza kulinunua gari lile baada ya siku hiyo, hata kama lingekuwa linanusa mafuta tu.

Sisemi Passo ni gari baya. Mwenzangu anakaa Chuno, anakwenda kazini na kurudi, hatoki nje ya mji, na kwake hakuna gari bora kuliko lile. Langu mimi lina njia nyingine.

Halafu likaja suala la haibridi. Shemeji yangu wa Dar ana Toyota Aqua na anaisifu sana, na sifa zake ni za kweli. Gari la namna hiyo lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukishika breki linavuna nguvu iliyokuwa inapotea na kuirudisha kwenye betri, ukisimama kwenye foleni injini inazima. Ndiyo maana linang'aa katika msongamano wa Mbagala. Lakini njia yangu ya Mikindani haina foleni. Natoka saa kumi na mbili na robo, nashika mwendo mmoja mpaka mjini, kituo changu kikubwa ni ng'ombe wakivuka. Na barabara ya kwenda Dar ni mwendo mmoja kwa saa nyingi. Huko breki zenyewe unazishika kwenye matuta ya vijijini, na betri haina cha kuvuna.

Nikapiga hesabu hata hivyo, ili nisiikatae kwa maneno. Kwa kilomita 8,576 za mwaka, Aqua nikaipa kilomita 20 kwa lita, ikaja lita 429. Gari la kawaida la injini ya lita 1.3, kama Toyota IST, nikalipa kilomita 14 kwa lita, ikaja 613. Tofauti lita 184. Lita moja nikaiweka shilingi 3,000 kwa hesabu rahisi, maana bei ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, inatoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na inapanda na kushuka. Ningeokoa kama shilingi 552,000 kwa mwaka. Aqua tuliyoiona ilizidi bei ya IST tuliyokuwa tunaifikiria kwa milioni saba. Ingenichukua zaidi ya miaka kumi na miwili kuzirudisha, na betri ya haibridi iliyotumika Japani ikaja kupigwa na joto letu na vumbi letu nilihofia haitanisubiri miaka hiyo yote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uchache wa mafuta una bei yake, na wakati mwingine unainunua mbele kwa fedha nyingi kuliko utakazookoa nyuma. Hata hiyo Passo, ikienda kilomita 16 kwa lita, ingeniokolea lita 77 kwa mwaka. Ni shilingi 231,000. Si fedha ndogo kwa mwalimu, lakini ni sawa na shilingi 19,000 na kidogo kwa mwezi, na kwa shilingi hizo nisingependa mama yangu akae vile tena.

Kuagiza Japani tulikuacha mapema. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Mkopo wetu wa SACCOS usingefika. Tukatafuta la hapa hapa, na hapo nina neno kwa wanaokaa pwani kama sisi: usitazame rangi, lala chini utazame sakafu. Hewa ya chumvi haina huruma. Tulioneshwa IST moja inang'aa kama sahani mpya, dalali anasema imetunzwa na mama wa nyumbani, fundi akapitisha bisibisi chini ya mlango wa nyuma ikaingia kama kwenye muhogo uliochemka. Dalali alikasirika. Fundi alifuta bisibisi yake akaondoka, nami nikamfuata.

Tuliyoichukua ilitoka Masasi, mbali na bahari, kwa mtumishi aliyehamia Dodoma. IST ya zamani, usajili wa namba D, injini 1.3, pistoni nne, gia boksi ya kawaida ya otomatiki. Shilingi milioni 11 na laki nane. Fundi aliipenda kwa sababu spea zake zinapatikana hata Newala, na kwa sababu kila fundi kuanzia hapa mpaka Kibiti ameshaifungua injini hiyo. "Likikufia Nangurukuru usiku," alisema, "utalala, lakini asubuhi utaondoka." Huo nao ni uchumi, na haumo kwenye hesabu za lita.

Sasa daftari linasema nini. Oktoba na Novemba, kazini tu, wastani wa kilomita 13.1 kwa lita. Siku zile Zuhura alipokuwa anaumwa nikawa nakwenda naye zahanati na kurudi, kilomita moja na nusu moja na nusu, ulishuka mpaka 11. Fundi alinieleza: injini ikiwa ya baridi inavuta mafuta mengi kuliko kawaida, na oili bado ni nzito; ukiizima kabla haijapata moto, kesho unaanza upya. Hapa kwetu joto linatusaidia, injini inawahi kuchangamka, lakini safari fupi sana bado ni ghali. Siku hizi dukani naenda kwa miguu. Na oili nabadilisha kwa miezi, sisubiri kilomita zitimie, kwa sababu kilomita za mjini zinaichosha haraka.

Desemba tukaenda Dar. Nilijaza tangi mpaka pampu ikakata, nikapima upepo wa matairi, tukatoka alfajiri. Baba Zuhura anapenda mwendo. Nilimwomba twende themanini, tisini, tusivuke hapo, na alikubali kwa ajili ya daftari. Ukifika mia na kumi upepo wenyewe unakuwa mzigo, injini inausukuma kama ukuta. Tena vijiji vya Lindi na Kilwa vina hamsini zake na askari wana tochi zao za kupimia mwendo, faini ni shilingi 30,000, sawa na lita kumi za mafuta. Pale Somanga nilitazama nje nikanyamaza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara hii, watu wa kusini walizunguka Songea na Iringa kuifikia Dar, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mpaka tunavuka Daraja la Mkapa kule Rufiji ndipo nilipovuta pumzi. Mbagala tukajaza tena: kilomita 558, lita 33.8. Kilomita 16.5 kwa lita, tukiwa watatu na mizigo na kiyoyozi tukikiwasha mchana tu. Niliandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu.

Januari nikamfuata mama. Baada ya Mnivata nilikwenda polepole, michepuko bado ipo, tumbo halikugonga hata mara moja. Mama alikaa mbele, nimemsogezea kiti nyuma mpaka mwisho, miguu kainyoosha. Aliongea njia nzima. Alinionesha shamba la nani limeuzwa, mkorosho gani ulipandwa mwaka aliozaliwa kaka yangu, akauliza kwa nini nimepunguza mwendo mahali ambapo hata baiskeli zinakimbia.

Karibu na Nanyamba akaniuliza, "Mwanangu, hili gari linakula kiasi gani mpaka Newala?"

"Kama lita kumi, mama."

"Kwa shilingi?"

"Elfu thelathini."

Akanyamaza kidogo, akiweka vidole kimoja kimoja juu ya goti. Msimu huu mnada wa kwanza wa Oktoba korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mama anaijua bei hiyo vizuri, ukitoa na makato yake. "Kilo nane," akasema. "Kwenda kilo nane, kurudi kilo nane." Akarudia kuhesabu. "Na kunileta kliniki mara sita kwa mwaka." Akatazama nje, mikorosho inapita. "Gunia moja. Si nyingi."

Tulipofika nyumbani nikajaza tangi: kilomita 284, lita 19.2. Niliandika. Kisha nikachukua rula ya Zuhura nikachora safu ya tano, nikaiandikia juu: kilo za korosho.