Nilivyomfikisha mama Machu Picchu bila kifurushi cha wakala

Ukiwa Uingereza ukasema unakwenda Peru, ushauri utakaopewa ni uleule: panda ndege hadi Lima, unganisha Cusco, lala Cusco siku mbili ukinywa chai ya koka, kisha nenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka kule mlimani. Wakala niliyemwendea alinipangia hivyohivyo, kwa bei iliyokaribia kodi yangu ya nyumba ya miezi mitatu. Nilikuwa nampeleka mama yangu, aliyepita miaka sitini na anameza dawa za presha kila asubuhi. Ushauri huo ungemuumiza, na unaniudhi mpaka leo kwa sababu bado watu wanapewa.

Kadiri unavyopanda juu, oksijeni hewani inapungua, na mwili usiozoea huugua. Tazama namba zenyewe. Lima iko ufukweni. Cusco iko kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anajua Horombo iko mita 3,720, na mtu hafiki pale ila siku ya pili, baada ya kulala Mandara, tena kwa mwendo wa pole pole. Ndege ya kutoka Lima inakupandisha karibu kimo hicho kwa muda usiofika saa moja na nusu. Na Machu Picchu yenyewe, ambayo ndiyo inayoogopwa, iko mita 2,430 tu. Cusco imeipita kwa karibu kilomita nzima. Sasa mtu mwenye presha unamlaza Cusco kwanza kwa sababu gani?

Kabla ya yote nilimpeleka kliniki ya wasafiri. Nesi akaziangalia dawa zake na kutueleza habari ya acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea milima. Usiinunue kwa kusikia kwangu, muulize daktari wako kwanza, hasa kama una dawa nyingine unazomeza. Kadi yake ya njano ya zamani ilikubalika, maana tangu mwaka 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha. Kwa Cusco na Machu Picchu haihitajiki, ila ukishuka msitu wa Amazon utashauriwa uwe nayo. Bima ya safari isome mpaka mwisho, kwa sababu nyingine zinaishia mita fulani juu ya usawa wa bahari, na kadi yako ya afya ya Uingereza haina kazi Peru. Tulipitia Madrid. Ukipitia Marekani, hata kwa kubadilisha ndege tu, itakubidi uwe na kibali chao.

Uwanja wa ndege wa Cusco hatukukaa. Tulitoka na mabegi, tukapatana na dereva wa teksi kabla ya kufungua mlango, maana teksi za kule hazina mita, tukateremka moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mita 2,800 hivi. Dereva alijaribu sana kutusimamisha kwenye hoteli ya mjini. "Bibi amechoka, apumzike hapa," alinionyesha kwa ishara. Nikakataa. Nilikuwa na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Pale uwanjani kidole cha mama kilisoma 86, na kucha zake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi nisiyoipenda. Usiku ule Ollantaytambo, baada ya supu ya kinoa na chai, kikasoma 92. Akaniambia, "Mwanangu, kichwa kimeniachia." Hapo nilijua tumeshinda sehemu kubwa ya safari.

Cusco tuliiweka mwisho, mwili ukiwa umezoea, na mama aliitembea plaza nzima bila kusimama.

Sasa tiketi. Hapa ndipo mawakala wanapokutisha. Nilipofungua tovuti ya serikali ya Peru, siku zetu zote zilikuwa zimejaa. Nikajaribu tarehe ya mbele, kadi yangu ya benki ikakataliwa. Wakala akaandika kwamba nisipochukua kifurushi chake hatutaingia kabisa. Si kweli. Tiketi elfu moja za kila siku zinatengwa kwa watu wanaokuja kununua wenyewe pale kijijini chini ya mlima, Machu Picchu Pueblo, ambako wengi bado wanakuita Aguas Calientes. Unachukua namba ya foleni kwanza, kisha unarudi saa yako kununua tiketi ya kesho yake.

Jaribio la kwanza halikufua dafu. Treni yetu kutoka Ollantaytambo ilifika mchana, na tulipofika ofisini namba tulizopewa zilikuwa za mbali sana. Tulisubiri. Kule juu mgeni hutembea kwa njia iliyoandikwa kwenye tiketi yake tu. Kwenye skrini niliona nafasi za njia ya pili, ile yenye mandhari ya picha inayojulikana dunia nzima, zikipungua mpaka zikaisha, kisha zikafuata za asubuhi, kisha tukabakiwa na saa za jioni za njia ambayo haikufaa miguu ya mama. Kijana mmoja pembeni akanong'ona kwamba anaweza kutupatia kwa dola. Sikumjibu. Nilikuwa nimelipia usiku wa ziada pale kijijini makusudi kwa ajili ya jambo kama hili, kwa hiyo tulikwenda zetu kula samaki trauti, tukalala.

Alfajiri nilikuwa mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa, mama nimemwacha kitandani, paspoti zote mbili mfukoni. Namba niliyopata ilikuwa ya mwanzoni. Mchana karani alilinganisha jina letu herufi kwa herufi na paspoti, pamoja na lile jina la tatu ambalo sisi huwa tunaliruka tukijaza fomu. Jazeni majina yote kama yalivyo kwenye paspoti, na paspoti yenyewe ndiyo mtakayoonyesha getini, nakala haitoshi. Tulilipa kama soli 150, fedha ya Peru, kila mmoja. Basi la kupanda mlimani lilikuwa kama dola 24 kwenda na kurudi, nalo lina thamani yake kwa mzee. Ndani hakuna choo, kwa hiyo malizeni haja zenu nje ya geti, mkiwa na sarafu mkononi.

Mama alisimama juu ya zile ngazi za mawe, wingu likafunguka, akasoma dua kwa sauti. Wazungu waliokuwa karibu walinyamaza mpaka akamaliza. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia siku ile.

Dola zenu ziwe safi, zisizochanika hata pembeni, la sivyo hakuna duka la kubadilishia fedha litakalozigusa. Noti ya soli 200 ikatae mapema, wenye maduka hawana chenji yake. Plagi zetu za miguu mitatu, ambazo ni zilezile za Uingereza na za nyumbani, haziingii kule, kwa hiyo bebeni adapta. Treni haipokei begi kubwa, na reli huwahi kufungwa na waandamanaji, ndiyo maana nasisitiza siku moja ya akiba.

Jambo ambalo wakala hakulitaja kabisa: mgeni asiye mkazi hatozwi kodi ya IGV, asilimia 18, kwenye malazi ya hoteli. Mapokezi watakuomba paspoti na rekodi ya kuingia nchini, ambayo siku hizi iko mtandaoni, nami niliipakua kwenye simu mapema. Hoteli ya Cusco ilitaka kuiongeza kwenye bili, nikawaonyesha, wakaiondoa palepale.

Koka mnywe hukohuko. Mama alinunua paketi za chai kwa ajili ya akina mama wa kikundi chake, nikazitoa kwenye begi na kumpa mhudumu wa hoteli. Peru ni halali, Uingereza ni dawa ya kulevya kisheria, hata ikiwa kwenye kifuko cha chai. Akina mama wale tuliwapelekea chokoleti ya Cusco na skafu za alpaka.