Haut-Brion mnaisahau sana

Watu wakianza stori za divai za Bordeaux kule Ufaransa wanakimbilia Lafite na Margaux, mi nauliza, Haut-Brion je? Yani hii Samuel Pepys, Mwingereza maarufu kwa shajara yake, aliinywa London Aprili 1663 akaandika humo kwamba ladha yake hajawahi kukutana nayo. Afu 1855 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alipotaka divai zipangwe madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris, ikaingia daraja la kwanza, na kati ya nyekundu zote za orodha ile ni hii tu iliyotoka nje ya Médoc, eneo la mashamba ya zabibu kaskazini mwa mji wa Bordeaux. Shamba liko Pessac, pembeni ya mji wa Bordeaux, siku hizi nyumba za watu zimelizunguka.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye mchanganyiko: zabibu aina ya merlot, cabernet sauvignon na cabernet franc kidogo, kila zabibu inachachushwa kivyake kwanza, wanaonja, ndo wanaamua kiasi, so mwaka na mwaka haifanani. Merlot inalainisha, cabernet inaleta ukakasi na uwezo wa kukaa miaka 20 na zaidi kwenye chupa. Ile harufu ya moshimoshi na tumbaku ndo inanimaliza. Ikiwa changa usiifungue, utajiibia mwenyewe. Bajeti ikigoma kuna mdogo wake, Le Clarence, divai ya pili ya shamba hilohilo.