Nilivyoimudu sauna ya kisiwani Lonna

Hofu yangu ya kwanza haikuwa joto, ilikuwa uchi. Wifi yangu, Mfini, alishanieleza kwamba sauna ya umma ya Lonna, yaani chumba cha joto na mvuke, ina upande wa wanawake na upande wa wanaume, na humo ndani nguo ya kuogelea haivaliwi. Mimi nimelelewa Tanga. Nikabeba khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kukalia, maana kukalia kitambaa chako ni adabu ya lazima.

Lonna ni kisiwa kidogo cha Helsinki, mji mkuu wa Finland, dakika kama kumi kwa boti kutoka sokoni Kauppatori. Zamani kilikuwa cha jeshi. Sauna, ya magogo na jiko la kuni, ilifunguliwa 2017.

Kumbe aibu iliisha kabla sijakaa. Bibi mmoja rika la nyanya yangu alinipisha, akaendelea na mazungumzo yake kama kawaida.

Joto ndilo lililonishika. Kwenye nyuzi 80 hivi, hewa ikiwa kavu, unaweza kukaa ukajisifu. Halafu mtu anachota kata ya maji, anamwagia mawe, mvuke unapanda darini na kukushukia masikioni. Aliyewahi kufukizwa kwa mchaichai ataelewa, ila hapa hakuna blanketi la kufunua. Nilisalimika kwa kuvua hereni mapema (dhahabu ikipata moto huchoma), kukaa benchi la chini ambako kuna nafuu, na kunywa maji kila nilipotoka. Wifi alikaa juu kabisa, na mmwagaji alikuwa yeye. Sikumsamehe haraka.

Nje wanaume na wanawake huchanganyika, kwa hiyo nilivaa vazi langu la kuogelea, lile la mikono mirefu, tukaenda kujipoza baharini.

"Usiruke, wifi. Shika ngazi, toa pumzi polepole," aliniambia.

Alikuwa na sababu. Baridi ikikuvamia ghafla, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza, na kichwa kikiwa majini hapo ndipo hatari. Nikashuka kidato kwa kidato mpaka mabega yakazama. Maji yenyewe hayana chumvi ya kutajika: Bahari ya Baltiki hupokea mito mingi na mlango wake wa bahari kuu ni mwembamba. Macho hayakuwasha kama kwetu Tanga, ufukweni Raskazone.

Nikarudi ndani nikitetemeka. Safari hii nilipanda benchi la kati, na kata nikaishika mimi.