Mama wa mpingo na mihogo minne

Wachongaji wenzangu hapa Mikindani waliniambia, "Ongeza mambo, wageni wanapenda kazi iliyojaa." Nikawasikiliza, nikaharibu gogo la mpingo la elfu arobaini na kitu.

Nilikuwa nachonga mama anayetoka shamba la korosho. Nikambebesha mtoto mgongoni, nikaweka kuku miguuni, kinu pembeni, na babu mwenye kiko. Wiki mbili za tezo na patasi! Mteja akakizungusha kinyago mara mbili, akauliza, "Sasa hapa kuna habari gani?" Nilikosa jibu. Nikataka kumtoa kuku, lakini kumtoa kuku ni kumkata mama mguu.

Mpwa wangu anayesoma fasihi alikuja likizo na daftari lake. Akanisomea kwamba mwaka 1842 mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe, akizichambua hadithi za mwenzake Nathaniel Hawthorne, alitaka mwandishi wa hadithi fupi achague kwanza athari moja ya kumwachia msomaji, kisha asiandike hata neno moja lisiloijenga. Mwalimu wa mpwa wangu naye huwaambia wanafunzi waianzishe hadithi karibu na mwisho wake.

"Mjomba, huyu mama umemkuta wapi?"

"Shambani."

"Kwa nini usimkute mlangoni?"

Sikulala. Mama akiwa mlangoni, anatua kikapu, kisigino kimoja bado hakijagusa chini. Uchovu unaoanza kumtoka, basi.

Tatizo, mwandishi hufuta, mpingo haufutiki. Hapo ndipo nilipokumbuka muhogo. Nilinunua minne minene, mibichi, maana uliolala hupasuka, nikaimenya na kuichonga kwa kisu cha jikoni asubuhi moja. Wa kwanza nilimwacha mtoto mgongoni. Wa pili nikamkata, na papo hapo mgongo wa mama ukaonekana ulivyopinda. Wa tatu niliinamisha kichwa kupita kiasi, akawa analia. Wa nne niliuweka dirishani, nikamwita mke wangu bila kumweleza kitu. Akautazama, akasema, "Huyu kafika nyumbani." Ile mitatu tuliipika kwa nazi.

Kwenye mpingo nilifuata ule wa nne. Mti huu ni mweupe nje na mweusi ndani, na wengi huuondoa weupe wote. Mimi niliuacha kwenye ukingo wa kikapu tu, pale vidole vinapoachia.

Kiliuzwa kabla sijamaliza msasa. Jirani yangu alikitazama sana, akasema kinapungukiwa na mtoto. Nikamwambia mtoto yumo ndani, ndiye anayefungua mlango.