Siku moja maishani mwangu: natunga mmea unaokunywa damu

Saa kumi na moja alfajiri nipo jikoni, nimekaa kwenye mkeka, daftari magotini, simu kwenye chaji. Watoto bado wamelala. Nina saa moja na nusu ya kuandika. Baada ya hapo ni uji, sare za shule na ndoo za maji.

Kazi yangu ni kutunga simulizi na kuziuza kwa sehemu WhatsApp. Sehemu tano za kwanza ni bure. Ukitaka kuendelea unatuma shilingi 2,000, nakuingiza kwenye kundi. Mtaani kwetu hapa Dodoma wanasema nashinda kwenye simu. Waje waone alfajiri hii, maana tangu nikae nimefuta ukurasa mara nne kwa sababu ya mzizi mmoja tu.

Mzizi huo ni wa mfyonda. Mfyonda ni mmea nilioubuni, unaota katika nchi isiyokuwepo na unakunywa damu. Nimeujenga kwa vitu ninavyovijua. Rangi nimeitoa kwenye mninga: jirani yetu seremala, aliyekulia Urambo, alinieleza kwamba ukiupiga mninga shoka unatoa utomvu mwekundu, hata mgeni anaweza kudhani amemjeruhi mnyama. Tabia nimeitoa kwenye kiduha, gugu lililomtesa bibi yangu kwenye mtama wake kule Kongwa.

Sikuuita mumiani, ingawa watu wengi walinishauri hivyo ili simulizi iuzike. Neno hilo limewahi kuwaponza watu wasio na hatia. Enzi za ukoloni hata wazima moto walisingiziwa kunyonya watu damu. Sitaki jina la kitabu changu limtie mtu mashakani.

Saa moja watoto wanaondoka. Saa mbili nafua, saa tatu nachapa kwenye simu nilichoandika alfajiri.

Saa nne kasoro anaingia msomaji mpya. Amelipa, nimemuunga, namshukuru. Dakika kumi baadaye ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, kisha mwingine, kisha mwingine tena. Kundi zima lilikuwa Sehemu ya 22, yeye anataka mpaka ya mwisho leo hii.

"Dada mtunzi, mimi nimelipa."

Namjibu: "Kaka yangu, sehemu zilizobaki bado sijaziandika. Kila jioni inatoka moja."

Hapo akahamia kwenye mfyonda wenyewe. Mbona hautembei? Mbona haukimbizi watu? "Mti uliokaa tu hautishi mtu, dada." Nikaweka mchele chini, ule niliokuwa nachambua, nikamwandikia kwa kirefu, kwa sababu hili naliamini kabisa.

Nikamweleza habari za kiduha. Mbegu zake ni kama vumbi, mche mmoja unatoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinasubiri mzizi wa mtama au wa mahindi upite karibu na kutoa kemikali yake. Zikiihisi, zinaota, zinajipachika kwenye mzizi na kufyonza maji na chakula. Bibi alikuwa anaona mtama unanyauka ilhali udongo una unyevu. Siku yale maua yake madogo mekundu yanapochomoza, mtama ulikuwa umeshanyonywa wiki nyingi huko chini. Mimi nilikuwa mtoto, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa yale maua mazuri. Ndiyo maana mbegu ya mfyonda hulala mpaka tone la damu lidondoke mchangani. Ndiyo maana haukimbizi mtu.

Akajibu kwa neno moja: "Boring." Kisha akataka hela yake irudi. Akaandika hivyo hivyo kwenye kundi, mbele ya watu wote, kwamba mimi ni tapeli. Wasomaji wangu wa zamani wakaanza kunitetea, yeye akawajibu, ujumbe ukafika mia na ushee, na wali ukaungua. Nilimrudishia shilingi 2,000 zake, makato nikabeba mimi, nikamtoa. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Mchana sikuandika kitu. Sijui ilikuwa saa nane au tisa, msomaji mmoja wa Tanga akanitumia picha: Sehemu ya 6 mpaka ya 22 zimepandishwa kwenye kundi jingine, jina langu limefutwa. Yule niliyemtoa alikuwa amezibeba zote kabla hajadai hela. Niliumia zaidi kuliko nilivyoumia kwa kuitwa tapeli. Alfajiri zangu zote hizo, na aliyezisambaza hakuweza hata kuacha jina lililokuwa juu.

Watoto wakarudi, tukala, nikasimamia hesabu za yule mdogo huku macho yananiuma.

Jioni bibi akapiga. Mvua zimeshika, mtama uko magotini, kiduha kimeanza kuonekana upande wa bondeni. "Mjukuu wangu, njoo Jumamosi tukaking'oe kabla hakijatoa mbegu." Nikamwitikia. Nikamuuliza kinavyosikika mkononi kikichomoka, akanieleza taratibu: juu kinakatika bila shida, kikiwa laini, chini kinabaki kimeshikamana na mtama, huwezi kuvitenganisha.

Nilikuwa nimesinzia nimekaa. Nikaamka, nikachukua daftari. Katika Sehemu ya 23 binti anaushika mfyonda kwa mikono miwili, anavuta, shina linamkatikia mkononi, na chini ya mchanga anasikia mzizi ukiendelea kunywa.

Nimeituma saa sita kasoro usiku. Wasomaji thelathini na mmoja walikuwa bado macho.