Pomboo jangwani

Jana usiku nilikuwa nasoma Kutoka sura ya 26, nikakwama kwenye neno moja: hema la Musa lilifunikwa kwa ngozi za pomboo. Pomboo, kule jangwani! Nikaacha kidole palepale kwenye mstari, nikaanza kufuatilia.

Kiebrania kinasema tahashi, na wataalamu hawajakubaliana ni mnyama gani. Kwenye Talmudi, kitabu cha mijadala ya sheria za Kiyahudi, Rabi Meir anasema alikuwa kiumbe wa pekee, mwenye pembe moja kwenye paji la uso, aliyetokea zama za Musa kisha akafichwa. Marabi wakauliza: huyo alikuwa safi, yaani anafaa kuliwa, au najisi? Wakashika hoja ya ile pembe. Ng'ombe aliyetolewa sadaka na Adamu naye alikuwa na pembe moja, basi tahashi ni safi. Nimeipenda mno bidii hii. Mnyama hayupo, hakuna atakayemla, lakini hukumu yake inatafutwa kwa uangalifu wote.

Sikulala, nikamfikiria dodo, yule ndege aliyetoweka: naye angekuwa safi? Ili ndege ahesabiwe safi, Wayahudi wengi wanaoshika sheria hizo hutaka mapokeo ya wazee waliowahi kumla. Dodo atatoa wapi shahidi? Lakini ng'ombe mwitu wa Ulaya, aliyetoweka Polandi mwaka 1627, alikuwa na kwato zilizopasuka na alicheua, alama mbili za mnyama safi. Huyo sina shaka naye.