Ekzosi ya pikapu Minnesota: sumaku ya friji imeniokolea dola

Mtu atakayeniambia tena "nunua stenlesi, umemaliza" nitamwomba alale chini ya pikapu yangu mwezi Februari, saa kumi na moja alfajiri, ajionee. Ushauri wa ekzosi nimepewa kanisani, nimepewa harusini, nimepewa hadi kwa kinyozi, na wengi walioutoa hawajawahi kushika spana.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kutu ninaijua, upepo wa bahari unakula mabati na vitasa vya milango tangu tukiwa watoto. Ila kutu ya huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ina haraka zake. Barabarani wanamwaga chumvi ya mawe iyeyushe barafu. Baridi ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi hiyo inaanza kushindwa kazi, basi wanachanganya na kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu. Hizo mbili hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku barabara imekauka, tope lililoganda chini ya gari bado limelowa na linaendelea kutafuna. Wakala wa mazingira wa jimbo huwaambia watu kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji. Sasa fikiria kinachorushwa na matairi kwenye bomba lako.

Na hiyo ni ya nje tu. Ndani kuna maji mengine ambayo washauri wangu wote waliyasahau. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Bomba likipata moto wa kutosha mvuke unatoka wote. Mimi nasukuma theluji kwenye viwanja vya kuegesha magari: injini inanguruma palepale, nahama mtaa, nazima, nawasha tena. Sailensa iko nyuma kabisa, haipati moto wa maana, kwa hiyo mvuke unageuka maji humo humo, yakiwa na chembe za asidi.

Jirani yangu mmoja, mtu wa Bukavu, aliona maji yakidondoka kwenye kitundu kidogo chini ya sailensa yake. Akanunua gundi ya chuma, akakiziba, akaniita kwa fahari: "Ndugu, kuja uone, nimemaliza ile kuvuja!" Kile kitundu kiliwekwa kiwandani kwa makusudi, maji yatoke. Nilimweleza, akacheka, akasema mimi naogopa kila kitu. Sailensa ilioza kutoka ndani mpaka tumbo lake likabaki barabarani. Chako kikivuja hapo, kiache kivuje.

Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya chuma kilichochovywa kwenye alumini. Ni bei nafuu, na nilipewa sifa zake na watu wawili watatu. Sifa hizo si za uongo: ule utando wa alumini na silikoni unakikinga chuma vizuri sana, mradi usiguswe. Gereji iliyonifungia iliunga vipande kwa kuchomelea. Moto wa kuchomelea unauunguza utando pale pale kwenye kiungo na kuacha chuma kitupu. Wakapuliza rangi ya fedha juu, ikapendeza. Kufika majira ya theluji yaliyofuata, katikati ya bomba kulikuwa kunang'aa, na kila kiungo kimekuwa kahawia na kinabanduka ukikigusa kwa bisibisi. Kama ni lazima uchukue aina hii, funga kwa klempu pana, usichomelee.

Mzee mmoja ninayemheshimu, fundi bomba wa miaka mingi, akanishauri: "Mwanangu, kanunue bomba la GI dukani, lile la maji. Halishiki kutu." Nikamwitikia "sawa mzee" kwa adabu, nikaenda zangu. Bomba la GI ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, na bomba linalotoka injini linaweza kupita hapo likiwa na mzigo. Halafu ukilichomelea bomba la GI moshi wake unamtia fundi homa usiku huo. Kwa maji ya bomba mzee yuko sahihi.

Nikaamua: stenlesi, na iwe 304. Stenlesi za ekzosi hasa ni mbili. 409 ina kromiamu kama asilimia 11, haina nikeli ya maana. Inabadilika rangi mapema, inakuwa kama imeoza, lakini kutoboka inachukua muda. 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8, na bei yake inakuonyesha hivyo. Iko na 316, yenye molibdenamu, inayostahimili chumvi kuliko zote hizo, lakini hiyo niliiachia wenye boti.

Duka moja la spea lilikuwa na seti "304 kamili", kuanzia nyuma ya katalitiki (kile kisafisha moshi) hadi mkiani, dola mia nne na ushee. Bei ilinitia shaka. Kabla ya kutoka nyumbani nikang'oa sumaku kwenye friji, ile ya tangazo la daktari wa meno, nikaitia mfukoni, maana 304 hainasi sumaku, ila 409 inanasa. Dukani nikaigusisha kwenye bomba: ta! Ikanasa. Muuzaji akasema stenlesi zote zinanasa. Nikahamia kwenye sailensa, ikanasa. Kwenye flenji, ikanasa. Nikaipeleka kwenye ile ncha ya nyuma inayong'aa kama kioo, sumaku ikateleza ikaanguka sakafuni. Basi 304 ilikuwa ncha peke yake, ya kuonyeshea wapita njia. Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Kwenye duka la pili nilikwenda na rafiki. Sumaku ikakataa kwenye bomba, lakini kwenye kona ikavutwa kidogo. Rafiki akanivuta shati: "Kaka, tumepigwa." Nikamwambia atulie. 304 ikikunjwa bila moto, pale kwenye kunjo inapata usumaku kidogo. Pima sehemu iliyonyooka. Nilipima, nikalipa, na njiani nilimfundisha somo hilo mpaka akawasha redio.

Kuunga nilimpa fundi Mkenya aliyeanzia jua kali Nairobi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. "Hapa hakuna haraka, boss," akasema. "Gesi kwanza." Akaomba foili ya jikoni, akaziba midomo yote ya bomba, akatoboa kitundu, akaingiza gesi ya agoni ndani wakati anachomelea nje. Bila gesi ndani, upande usiouona unavimba vichembe vyeusi, na kutu inaanzia hapo hapo. Alitumia waya wa kuchomelea wa 308L kwa 304 na 304, na 309L pale tulipokutana na kipande cha kiwandani. Hanga za chuma cha kawaida alizikata zote akaweka za stenlesi, kwa sababu bomba zuri likining'inia kwenye waya uliooza bado litalala barabarani. Bolti tulizipaka grisi ya nikeli, la sivyo nati ya stenlesi inang'ang'ania bolti ya stenlesi na huitoi tena ila kwa kukata.

Jambo jingine alilonionyesha: 304 hurefuka kuliko chuma cha kawaida. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 linaongezeka kama milimita 15. Tuliacha nafasi kwenye raba na mbali na chasisi, maana ukilibana litapasuka kwenye kiungo na utalaumu chuma.

Jumla, pamoja na chakula cha mchana cha fundi, ilikaribia dola elfu. Kama gari lako linasafiri mbali kila siku na bomba linapata moto wa kukausha maji, chukua 409 na chenji uweke kwenye matairi. Wenzangu wa mitaa mifupi, ongezeni hela.

Chasisi ninaipuliza mafuta ya lanolini kila Oktoba, baada ya kufunika ekzosi kwa magazeti. Mwaka jana nilimwachia mwanangu kazi hiyo, magazeti akayaona usumbufu, na kwa kuwa lanolini inatoka kwenye sufu, tulikwenda kanisani Jumapili tukinuka kondoo wa kuungua.